Uso unawasha mpaka silali, kope zinavimba. Nipo Tandahimba, msaada jamani

MkeWaMmakonde:

Wakuu habari za mchana. Naombeni msaada kwa mwenye uelewa na mambo ya ngozi maana nimechoka. Uso wangu unawasha, yaani sio kule kuwasha kwa kawaida unajikuna unaacha, hapana, huu unajikuna unazidi, ukimaliza panachonyota. Ilianzia kwenye kope za juu, naamka asubuhi zimejaa anayeniona anadhani nimelia usiku kucha, ikaja mashavuni, ikashuka huku chini ya masikio mpaka shingoni. Chunusi sina. Vipele vipo ila vidogo sana huvioni kwa macho mpaka upitishe kiganja ndo unahisi ngozi imekuwa kama msasa. Kope zenyewe sa hivi zimekuwa nyeusi na zinabanduka.

Mimi sio mwenyeji wa huku, nimetoka Dar nikaolewa Tandahimba. Kule na joto lake lote na jasho la daladala sijawahi kupata hii kitu, nimekuja huku kwenye baridi ndo uso umenigeuka. Mwanzo nikahisi ni maji, si mnajua huku maji tunanunua kwa ndoo, leo ya kisima kesho ya bomba keshokutwa ya mvua yamelala kwenye tangi tangu masika, nikaanza kunawa ya kuchemsha, wapi. Shoga yangu akaniambia huo ni mba wa uso, akanielekeza krimu ya tyubu inauzwa pale stendi, nikapaka, siku za mwanzo kweli nilipata nafuu na uso ukatakata mpaka watu wakaniuliza natumia nini. Nikaacha ikarudi, nikapaka ikatulia, sa hivi hata nikipaka haitulii vizuri na mashavu yanakuwa mekundu flani hivi na vimishipa vinaonekana.

Mama mkwe anasema damu chafu, nimechemshiwa mizizi nikanywa, nimeharisha tu.

Tatizo ni nini na dawa ni ipi? Na wale wa kusema nimerogwa na mke mwenza, mume wangu hana mke mwingine (ninayemjua).

Kijana_Chikongola:

Pole dada. Hiyo mabano ya mwisho imeniua 😂 Angalia tu jirani asije akawa anakutupia upupu kwenye kanga ulizoanika, huku Kusini watu wana visa vyao.

Mwera_Asilia:

Upupu hauko hivyo bwana mdogo. Upupu ukikushika unajua sekunde hiyohiyo, unaruka, na ukishaoga ukabadilisha nguo ukatulia unaisha siku hiyo, haukai kwenye kope wiki na wiki. Halafu vile vinyweleo vya ganda lake ukisugua ndo unavizamisha, tulivyokua porini kwetu Ruangwa tulikuwa tunapaka majivu au tope unaacha likauke unalibandua linatoka nalo, mtu akija na plasta ile ya kunata ukabandika ukabandua ni hivyohivyo. Vidonge vya aleji kwa upupu havisaidii sana. Huyu dada ana kitu kingine kabisa.

BiMikindani:

Mwanangu pole, hawa watoto wasikuchoshe. Sisi uso tulikuwa hatupaki matyubu, tunapaka liwa, na wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma wanapaka msiro uso mweupe pee na ngozi zao uzione. Chukua mshubiri ukate jani utoe ule ute upake usiku, asubuhi kamulia ndimu kwenye asali kidogo upake ukae nayo ndo unawe. Mambo ya damu chafu hata mie siyaamini, lakini mkweo usimbishie, kunywa kikombe kimoja mbele yake yaishe.

DukaMuhimu_Masasi:

Bi Mikindani shikamoo. Ndimu hapana bibi yangu, naomba sana. Juisi ya ndimu ikikaa kwenye ngozi ukatoka juani inaunguza, inaacha weusi unaokaa miezi, na huyu ngozi yake tayari imechubuka. Hata mshubiri kuna watu unawawasha, lile jimaji la njano linalotoka karibu na ganda ndo baya, kama mtu lazima aupake basi ajaribu kwanza ndani ya mkono aangalie kesho yake kuna nini. Liwa sina neno nayo kwa ngozi nzima, ila kope zinazobanduka sio mahali pa kupaka kitu cha kusaga.

Dada, mimi sio daktari wa ngozi, nauza duka la dawa muhimu, lakini uso unaowasha nauona karibu kila siku na huwa siuzi kitu mpaka niulize, wengine wananuna wanaenda duka la pili. Nikuulize hivi:

Hiyo tyubu imeandikwa nini? Soma yale maandishi madogo, sio jina kubwa la mbele. Unapaka rangi ya kucha? Umeweka piko au dai yoyote kichwani, au wigi la gundi? Umebadilisha sabuni, mafuta, pafyumu? Chandarua kipya? Mzee wako anafanya kazi gani na wewe unashinda wapi? Mtu mwingine hapo nyumbani anawashwa? Na mwili mwingine je, mikono, tumbo, katikati ya vidole?

Usione nauliza rangi ya kucha ukadhani nakuchunguza. Ngozi ya kope ndo nyembamba kuliko yote mwilini, mtu akiwa na aleji ya rangi ya kucha vidole vinabaki salama kope ndo zinavimba, kwa sababu kutwa tunajigusa macho bila kujua. Piko nayo unapaka kichwani inakuja kujaza paji la uso na macho. Kwahiyo kope zikianza kuwasha swali la kwanza ni mkono umeshika nini na mto umelaliwa na nani.

MkeWaMmakonde:

Asante dada wa Masasi (au kaka, samahani). Najibu.

Tyubu imeandikwa betamethasone halafu kuna neomycin na kingine siwezi kukisoma kimefutika. Rangi ya kucha sipaki, mume hapendi. Piko sijaweka. Wigi sina, nina mabutu tu. Sabuni ni ileile ya mche nafulia na kuogea, mafuta ya nazi. Chandarua kipya ndio tumepata, tulikifungua tukakining'iniza usiku uleule maana mbu, lakini kuwasha kulianza kabla ya chandarua.

Mzee ni mkulima wa korosho, ana mikorosho yake na anapulizia ya watu pia kwa hela, ana mashine ile ya mgongoni. Msimu huu kila alfajiri anatoka, anarudi kama saa tatu, anakuwa wa njano, nyusi njano, nywele njano, anavua hapohapo chumbani anatupa nguo kwenye kapu au kwenye kona ya kitanda, anajitupa analala kidogo maana ameamka saa tisa usiku. Nguo zake nafua mimi kwa mkono, nazikung'uta kwanza zile za salfa maana ukizitia kwenye beseni na lile vumbi maji yanakuwa uji. Yeye mwenyewe hawashwi ila macho yanamtoka machozi.

Mwili mwingine mikono kidogo huku juu ya viganja. Tumbo hapana. Vidole hapana. Hamna mwingine anayewashwa.

DukaMuhimu_Masasi:

Mimi ni dada, usijali.

Haya, kwa maelezo yako naona mambo mawili yamepandana, ndo maana unahangaika. La kwanza ni salfa. La pili ni hiyo krimu, na hilo la pili naliogopa kuliko la kwanza.

Salfa ni ule unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa fangasi, kwenye maua ya mikorosho, wanapuliza alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia ili unate. Kinachonata kwenye ua kinanata na kwenye uso. Ule unga ukikaa kwenye ngozi kavu mtu anaweza asisikie kitu, ukikutana na jasho, machozi, au maji kidogo ya kunawa kwa haraka ndo unaanza kuchonyota. Mzee wako anaoga saa ngapi? Analala kwanza, sawa? Basi mto, shuka, na kile chandarua vyote vina salfa, wewe unakuja kulalia uso masaa yote ya usiku. Halafu unazikung'uta nguo kwa mikono miwili, vumbi linapanda juu, linakuja wapi kama sio kwenye kope na shingo? Angalia pia siku zenyewe, wanapuliza wanarudia baada ya wiki mbili tatu hivi, wewe fuatilia uone kama uso haupandi na kushuka na ratiba yake.

Kwahiyo nguo za shamba zisiingie chumbani. Zikae nje kwenye kiroba chake, azikung'ute yeye huko huko shambani upande upepo unakoelekea, na kwenye beseni zisichanganywe na shuka wala nguo za mtoto. Aoge kichwa mpaka mguu kabla hajagusa kitanda, najua maji ya ndoo yana gharama lakini ndoo moja ya kuoga ni rahisi kuliko dawa. Foronya ibadilishwe hata mara mbili tatu kwa wiki. Wewe ukifua vaa glavu, funga kanga usoni. Ukihisi vumbi limekupata usoni nawa kwa maji mengi yanayotiririka, usipanguse na kanga kavu. Na usijipake mafuta mengi kabla ya kufua, unga unanata.

Sabuni ya mche ni ya nguo, mwache uso wako upumzike nayo, ina magadi makali inakausha. Nawa maji ya baridi ya kawaida, ya moto yanazidisha muwasho hata kama wakati unanawa unasikia raha. Kitambaa safi ulowanishe maji ya baridi ukamue uweke juu ya kope zilizofungwa dakika 10 hadi 15, jioni na kabla ya kulala. Halafu mafuta mazito yasiyo na harufu, vaselini ya kawaida isiyo na manukato, kidogo tu. Usiku unaweza kumeza dawa ya aleji, setirizini miligramu 10 kidonge kimoja kwa siku, ile ya zamani ya njano klofeniramini nayo inasaidia ila inalaza kweli kweli, usimeze ukapanda bodaboda. Kama una mimba au unanyonyesha niambie kwanza.

Sasa krimu. Betamethasone ni steroidi, na ni kali, sio ya uso. Uso ukipakwa ile kitu wiki kwa wiki ngozi inakuwa nyembamba, ndo hivyo vimishipa unaviona, ukiacha inalipuka, unapaka tena, unakuwa mtumwa wake. Kwenye kope ni mbaya zaidi, ikiingia machoni kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na hiyo neomycin yenyewe ni moja ya dawa zinazoleta aleji ya ngozi kwa watu wengi, kwahiyo inawezekana unachopaka kutibu nacho kinawasha. Kule kutakata uliposifiwa ndo mtego wenyewe, mkorogo unauzwa kwa njia hiyohiyo. Steroidi, zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini lakini stendi zinauzwa waziwazi, mtu ananunua kama ananunua pipi.

Umeipaka muda gani kwa jumla? Wiki au miezi?

Mkulima_Nachingwea:

Kumbe hii ni rahisi, dada ana aleji ya salfa. Basi asiguse Septrin, na akipata mimba akatae zile dawa tatu za malaria wanazomezeshwa kliniki, zile nazo ni salfa, zitamuua. Shemeji yangu alimeza Septrin akababuka mwili mzima mpaka mdomoni.

DukaMuhimu_Masasi:

Mkuu pole kwa shemeji yako, aliyebabuka mdomoni kwa Septrin asirudie maisha yake yote na aandikiwe kwenye daftari lake la hospitali. Lakini umeunganisha vitu viwili ambavyo havihusiani. Ule unga wa mikorosho ni salfa yenyewe, madini. Septrin na SP za kliniki zina kemikali nyingine ya kundi la sulfonamidi. Majina yamefanana, basi. Mtu anayewashwa na unga wa shambani hazuiwi kumeza SP, na mwenye aleji ya Septrin hazuiwi kupuliza mikorosho. Nasisitiza kwa sababu huku nimekutana na mama mjamzito anakataa SP kliniki kisa mumewe alimwambia "wewe salfa inakuwasha", na malaria ya Kusini mnaijua.

MamaBangua_Lindi:

Hodi. Mimi nipo Lindi, nabangua korosho na kuuza, nikipata mzigo naenda kusimama pale Mnazi Mmoja ya hukuhuku Lindi mabasi yanaposimama. Dada swali langu moja, wewe hapo nyumbani hambangui? Hamchomi korosho?

Nauliza maana wengi wanafikiri adui ni salfa peke yake. Mafuta ya ganda la korosho yanababua kuliko salfa. Mtu asiyeyajua aje aangalie tunavyochoma, unatoboa matundu kwenye bati au debe unaweka juu ya moto, korosho zinaanza kutoa yale mafuta meusi, zinashika moto zenyewe, moto mkubwa na moshi mzito mweusi, hapo unageuza na mti mrefu uso umeupindisha pembeni, zikiiva unazimwaga chini unazifukia na mchanga moto uzimike na mchanga unyonye mafuta yaliyobaki. Ule moshi ukikupiga usoni kesho yake hulali. Sio leo, kesho au keshokutwa, ndo maana watu hawajui kilichowababua, anasema jana nimekula samaki flani kumbe juzi alisimama upande wa moshi.

Kwenye kubangua sasa, vidole vinakuwa vyeusi, ngozi inatoka, na ukijisahau ukajikuna jicho ndo imekula kwako. Sisi tunajipaka majivu mkononi au mafuta ya nazi au ya mbarika kabla ya kushika, unarudia kila yakikauka, na ukimaliza unanawa na sabuni mara mbili kabla hujashika mtoto wala kwenda chooni (wanawake wenzangu na wanaume mmenielewa). Uso nafunga kitambaa na kama mkono umeshachafuka nikiwashwa puani najikuna na bega.

Kingine, watu ambao korosho inawababua sana wengi wao na embe inawapata, sio nyama ya embe, ganda na ule utomvu wa kikonyo. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Binti yangu akimenya embe kwa meno midomo inavimba na pembeni ya mdomo panatoka vipele vya maji, nikimmenyea kwa kisu nikaosha anakula hata tano. Na mabibo yakimdondokea mtu maji yake usoni anawe, yanawasha na doa lake kwenye nguo halitoki.

Kwahiyo dada fikiria vizuri. Msimu wa kuvuna ukianza mwezi wa kumi, kama uso haujapona, kaa mbali na moshi wa watu.

MkeWaMmakonde:

Mama asante, kubangua sijui bado, wifi anabangua ila nyumba ya pili. Moshi unakuja lakini ni akianza, sio kila siku.

Dada wa Masasi, krimu ni miezi, naipaka naacha naipaka naacha. Sina mimba, nanyonyesha.

Fundi_Pampu:

Naongezea kwa wanaopulizia, maana salfa ya unga sio kila kitu sikuhizi, kuna dawa za maji na zile za kuua mbu wa mikorosho (mdudu anayeshambulia mikorosho, sio mbu hawa wa malaria). Mimi napulizia za watu Masasi mpaka Nanyumbu. Zile dawa za wadudu za kundi la pairethroidi, utakuta chupa imeandikwa lambda-cyhalothrin au cypermethrin, zikikugusa uso hutoi kipele hata kimoja, kioo hakioni kitu, lakini uso unachoma, unawaka, unatambaa kama kuna vidudu, hasa mashavu na kuzunguka mdomo. Inaanza baada ya saa moja mbili, ukitoka jasho inazidi, jua linazidisha, na ukinawa maji ya moto ndo kabisaaa. Kesho yake imeisha. Watu wanakimbilia Piritoni, haifanyi kitu pale kwa sababu sio aleji, ni dawa inacheza na mishipa ya fahamu ya ngozi. Afisa ugani alitufundisha ukinawe na sabuni na maji ya baridi, ujikaushe, halafu upake mafuta ya kula au yale ya vitamini E, yanatuliza.

Na dada umesema mmekining'iniza chandarua usiku uleule. Hivyo vyandarua vinawekwa dawa ya kundi hilohilo, kile kipya kianikwe kivulini saa 24 ndo mlalie. Ukilala uso umegusa neti mpya unaamka unachonyota.

Kinyozi_Shangani:

Na sisi wanaume je, mimi wateja wangu wengi wanawashwa kidevuni na chini ya shingo siku ya pili baada ya kunyoa, nawapaka spiriti nyingi lakini bado. Kuna mmoja pembeni ya pua na kwenye nyusi anatoka unga unga mweupe anasema krimu zote zimegoma.

DukaMuhimu_Masasi:

Kinyozi hao ni watu wawili tofauti. Wa kidevuni nywele zao ni za kujipinda, ukinyoa chini sana ncha inarudi kujichoma kwenye ngozi, spiriti inamchoma tu haiondoi nywele. Usizishushe mpaka chini, acha kimilimita kimoja, nyoa kufuata zinakolala, na mashine ioshwe na dawa kila kichwa maana choa cha ndevu kinasafiri kwa mashine.

Wa nyusi na pua huo ndo mba wenyewe wa uso, yule fangasi anayependa mafuta ya ngozi, na mara nyingi kichwani anao pia. Shampuu ya ketokonazoli, apake kichwani na hapo usoni aiache dakika 5 aioshe, mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja hivi, macho afumbe. Utarudi tena baadaye, ndo tabia yake, anarudia. Ukiona umemvaa mtu uso mzima ghafla na haukubali dawa, mshauri kwa heshima aende akapime damu, VVU na kinga ikishuka huwa inaonekana pale mapema. Ni kupima tu.

Dada Tandahimba, nimekuja kwako. Miezi ya kupaka na kuacha ni mingi. Usiendelee kuipaka, lakini pia nisikudanganye kwamba ukiiacha kesho uso utatulia, unaweza kuwaka zaidi ya mwanzo, mwekundu, unachoma, wiki kadhaa, na hapo ndo wengi wanairudia wakidhani ugonjwa umerudi. Kwahiyo hilo usilifanye peke yako na ushauri wa humu. Nenda hospitali ya wilaya wakuandikie rufaa, uende hospitali ya Ligula pale Mtwara au ya Ndanda, beba na tyubu yenyewe waione. Daktari anaweza kuamua ushuke taratibu na steroidi dhaifu ya haidrokotizoni asilimia 1 kwa siku chache, au akupe dawa nyingine isiyo steroidi kwa ajili ya kope. Haidrokotizoni yenyewe usiende kujinunulia kwa ajili ya kope. Na kwa kuwa unanyonyesha setirizini unaweza kumeza kwa muda mfupi ila muulize daktari hapohapo, ile klofeniramini iache, inaweza kumlaza na mtoto.

Usisubiri hiyo rufaa ukiona mdomo au ulimi unavimba au pumzi inabana, hapo ni mbio hospitali saa hiyohiyo. Au malengelenge yakitoka upande mmoja wa paji la uso yanauma kushuka kwenye jicho, huo ni mkanda wa jeshi na jicho linaweza kwenda.

Kijana_Chikongola:

Dada wa Masasi leo umefungua chuo. Sasa nani anaenda kumwambia mmakonde aoge kabla ya kulala na ameamka saa tisa usiku?

Mkulima_Nachingwea:

Atamwambia mkewe. Mke wangu mimi aliweka beseni, ndoo na msuli mlangoni nje, mlango akaufunga kwa ndani, nilioga bila mjadala.

MkeWaMmakonde:

Hahaha hiyo nimeichukua. Kapu la nguo limeshatoka nje tangu jana, foronya nimefua zote na neti naianika sasa hivi.

Swali la mwisho dada. Mtoto ana miezi saba, mashavu yake yamekuwa na ukurutu mwekundu unatoa maji, naye anajisugua kwenye kifua changu nikimnyonyesha. Nilimpaka ile krimu kidogo sana, mara chache. Nifanyeje?

DukaMuhimu_Masasi:

Usimpake tena hata tone. Ngozi ya mtoto inanyonya dawa kuliko yako, na hata wewe ukijipaka wewe yeye anaipata kwa kukugusa. Mashavu mekundu kwa umri huo mara nyingi ni pumu ya ngozi, mate na maziwa yanazidisha, ila upele wenyewe, ule wa vidudu wa kuambukizana, nao kwa watoto wadogo unapanda mpaka usoni wakati kwa mtu mzima haupandi, kwahiyo aangaliwe viganja na nyayo pia. Mkifika hospitali muingie wote wawili, usimwache kwa bibi yake. Kwa sasa mwogeshe maji ya uvuguvugu muda mfupi, sabuni isiyo na harufu au maji matupu, umpanguse kwa kugusagusa, umpake vaselini akiwa bado na unyevu, umkate kucha. Baba yake asimbebe na nguo za shamba.